Bendi zetu za gereji, Dar miaka ya sitini: nani mwingine anakumbuka?

#1 Babu wa Gerezani

Wakuu, kuna vijana humu wamefungua uzi wa roki wakaeleza kwamba Wamarekani wa miaka ya sitini walikuwa na kitu kinaitwa bendi za gereji: watoto wa sekondari, magitaa, kelele, wanapigia kwenye banda la gari la baba yao. Nikacheka peke yangu kibarazani. Baba yangu hakuwa na gari wala banda, alikuwa na baiskeli na ilikuwa inalala ndani na sisi. Lakini bendi yetu ilikuwa ya gereji kwa maana yetu wenyewe, gereji yenye grisi na mafundi, pale Gerezani, na tulipigia katikati ya malori mawili ya Bedford yaliyotolewa injini.

Nimezaliwa 1949, Ilala. Mwaka 1965 nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa wanne. Mpiga ngoma mjomba wake ndiye alikuwa na gereji, na Jumapili hafungui kazi, akatupa ufunguo kwa masharti mawili: tufagie, na spana isipotee hata moja. Mpiga solo tulimwita Henki, kwa sababu ya Hank Marvin, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza, The Shadows. Mwimbaji alikuwa mtoto wa nesi, anakaa nyumba za serikali zenye umeme, na hilo mtaona lilivyokuja kuwa muhimu. Mimi nilikuwa besi.

Nikisema besi msifikirie gitaa. Ilikuwa sanduku la chai, yale ya mbao nyembamba yenye bati pembeni, limegeuzwa kichwa chini, limetobolewa katikati, kamba moja, na mpini wa fagio. Ukiuvuta mpini sauti inapanda, ukiulegeza inashuka. Noti kamili huipati, unaizungukazunguka tu.

Gitaa la kweli lilikuwa moja, la mbao, tumenunua kwa Mgoa aliyekuwa anahama. La pili lilitengenezwa na seremala wa Kariakoo ambaye maisha yake yote alikuwa anatengeneza vitanda, na gitaa lile kwa uzito lilikuwa kitanda. Nyuzi nene zikikatika tulifumua waya wa breki ya baiskeli. Ngoma ilikuwa ya skauti, na tasa lilikuwa wilikapu la Bedford limening'inizwa kwenye winchi ya kunyanyulia injini.

Kwa nini tuliwakopi Shadows? Vijana wengi hawajui hili. Wale jamaa nyimbo zao nyingi zilikuwa za magitaa matupu, hakuna maneno. Wimbo wao wa Apache ulitoka 1960, na kwa mtoto wa Ilala ambaye Kiingereza chake ni cha kusoma ramani ya Kanada, wimbo usio na maneno ni zawadi. Unakopi vidole, basi. Filamu ya Cliff Richard, mwimbaji waliyekuwa wakimpigia, ilipoletwa mjini, Henki aliingia mara tatu, na si kwa ajili ya Cliff. Alikaa kiti cha mbele kabisa akitazama mkono wa kushoto wa Hank Marvin, na kila ukionekana anachora kwenye daftari la jiografia. Tatizo ni kwamba kamera ikifika penye utamu inahamia kwa wasichana.

Umeme wa gitaa tuliupata kwenye redio ya nyumbani kwa mwimbaji. Kila Jumapili saa saba mchana analeta redio ya valvu, zile zenye vibalbu vya kioo ndani, kwa baiskeli, imefungwa khanga ya mama yake, na lazima iwe imerudi mezani kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba yake alikuwa hajui. Tuliitoboa kwa waya na gitaa likasikika mpaka Mnazi Mmoja.

Hatukurekodi hata sekunde moja. Nilichonacho ni picha moja iliyokunjwa katikati, mkunjo umepita usoni kwa Henki. Na wimbo mmoja ambao ulikuwa wetu wenyewe, kwa Kiswahili, nakumbuka mistari miwili ya mwanzo, iliyobaki ni la la la.

Kama kuna mwenzangu humu aliyepiga au aliyecheza enzi hizo, Dar, Tanga, Nairobi, Unguja, popote, karibu tukumbushane kabla hatujaisha.

#2 Mtoto wa Elfu Mbili

Shikamoo babu. Uzi umenoga lakini hapo kwenye redio hapana, hii ni chai ya maziwa kabisa, uongo mtupu. Redio inapokea, haipigi gitaa.

#3 Fundi Redio

Mtoto wa Elfu Mbili, kaa chini ufundishwe. Redio za valvu za zamani karibu zote zilikuwa na matundu mawili nyuma, mengine yamechorwa kasahani kadogo ka santuri. Hapo ndipo ulipochomeka gramafoni ambayo haina spika yake. Sindano ya gramafoni inatoa umeme mdogo sana, redio inaukuza na kuutoa kwenye spika. Sasa matundu yale hayaulizi umeme umetoka kwenye santuri au kwenye gitaa. Ukiweka kitu chochote kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kinalia. Mzee, mlitumia nini kunasia sauti?

#4 Babu wa Gerezani

Marahaba mjukuu. Chai ipo lakini si hapa.

Fundi, tulitumia kile kidude cha kusikilizia cha mkonga wa simu. Gereji ile ilikuwa na simu mbovu ya ukutani, nyeusi, nzito. Tulifungua mfuniko wa sikioni, tukatoa kidude cha duara chenye sumaku, tukakibandika kwenye tumbo la gitaa kwa plasta ya hospitali (faida ya mwimbaji kuwa mtoto wa nesi). Sauti ilikuwa inakwaruza kama mtu anaongea na simu kutoka Mwanza, lakini ilikuwa kubwa! Na ukipandisha mpaka mwisho, redio inaanza kuunguruma yenyewe na gitaa linajibu, hakuna aliyegusa uzi.

Mlikuwa hamjaniuliza kuhusu shoti. Siku ya kwanza Henki alikuwa pekupeku, kwenye sakafu ya simenti yenye unyevu, akashika nyuzi. Alipigwa akarudi nyuma mpaka kwenye gurudumu la Bedford, gitaa bado liko mkononi, halitoki. Mpiga ngoma akadhani ni mtindo, akaongeza kasi.

#5 Fundi Redio

Hahaha, mlikuwa mnacheza na kifo. Nitaeleza kwa faida ya wengine. Kuna redio zilizotengenezwa bila transfoma ya umeme ili ziwe rahisi, na ndani bati lote la redio linakuwa limeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumba. Ukibahatika waya huo ni ule wa kurudi, uko salama kiasi. Usipobahatika ni ule wenye moto, na chochote ulichounga na bati kina moto, pamoja na nyuzi za gitaa. Umeme mlichukua wapi?

#6 Babu wa Gerezani

Kwenye soketi ya balbu, juu. Tunatoa balbu, tunachomeka plagi ya balbu.

#7 Fundi Redio

Basi ndiyo hiyo. Plagi ya balbu inaingia pande zote mbili. Ukiingiza hivi salama, ukiipindua inaua. Mlikuwa mnarusha sarafu kila Jumapili.

#8 Babu wa Gerezani

Tuligundua baada ya mwezi mzima. Mpiga ngoma akaweka alama ya rangi nyekundu kwenye plagi na kwenye soketi, nyekundu kwa nyekundu. Na Henki akapewa ubao wa kusimamia na ndala za mpira. Watu ukumbini walikuwa wanauliza mbona huyu wa solo hachezi, kasimama kama askari wa lindo. Angecheza wapi, nje ya ubao kuna kifo.

#9 Mbeba Boksi

Wakuu, mimi niko Tacoma, jimbo la Washington, miaka 22 sasa. Huku hizo bendi za gereji ni kama bendi ya Kilwa Jazz kwenu, wazee wanazililia. Hapa Tacoma walikuwepo The Wailers (si wale wa Bob Marley, hawa ni weupe na walianza kabla) na The Sonics. Mzee mmoja tunafanya naye kazi ghalani alipiga ngoma shuleni, na habari zake ni hizo hizo: ukumbi wa kanisa, amplifaya ya kuazima, polisi saa nne usiku.

Babu umesema mlikopi bila kujua maneno. Sikia hii. Mwaka 1963 vijana wa Portland, The Kingsmen, walirekodi Louie Louie kwa kama dola 50 tu. Maikrofoni ilikuwa imening'inizwa juu, mwimbaji anapayuka akiwa amenyoosha shingo, na meno yake yalikuwa na vyuma vya kunyooshea. Hakuna aliyesikia anasema nini. Wazazi wakaamua basi lazima ni matusi. Gavana wa Indiana akaupinga hadharani, FBI wakauchunguza kwa muda mrefu, wakausikiliza kwa kasi zote za santuri, wakaishia kuandika kwamba hausikiki. Maneno yenyewe ni ya baharia anayemkumbuka msichana wake.

Nyingine ninayoipenda ni ya kule Michigan, bendi ya watoto wa Wameksiko waliokwenda kulima mashamba ya watu, Question Mark and the Mysterians. Mwaka 1966 walishika namba moja Marekani nzima kwa wimbo mmoja wenye kinanda cha bei poa.

#10 Babu wa Gerezani

Mbeba Boksi umenifurahisha. Kumbe FBI na mimi tulikuwa na Kiingereza cha kiwango kimoja. Mwimbaji wetu alipokuwa hajui neno aliweka jina la kituo cha basi. Kuna wimbo wa Elvis tuliuimba mwaka mzima una "Magomeni" ndani yake na hakuna aliyelalamika.

#11 Bi Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati lakini kwetu Unguja, mjini. Huo Elvis mnaousema, kaka'angu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa hatoki nyumbani bila ya kujipaka mafuta ya nywele nusu kopo na kulilaza hilo shungi mbele. Bibi akimwambia, "Umebeba nini kichwani, kibanda?" Filamu ya Elvis ikija sinema ya Majestic basi vijana wote wanatoka wakitembea kwa upande mmoja, kama wenye maumivu ya nyonga. Walikuwa na kikundi chao cha magitaa, watatu, mwaka 1962 hivi, wakipiga juu ya dari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hilo halikuzungumzwa tena, kila mmoja kaenda njia yake.

Na niliseme na hili maana litakuja tu: huyo Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Bulsara, watu humu huandika kuwa alianzia bendi Unguja. Siyo. Kazaliwa Unguja 1946, lakini bendi yake ya kwanza, The Hectics, ilikuwa ya shuleni Bara Hindi, Panchgani, na yeye akipiga piano. Alirudi nyumbani 1963, na 1964 wazee wake wakahamia Uingereza naye. Hakupiga kitu Forodhani. Wanaowauzia watalii hadithi na waendelee, biashara ni biashara.

#12 Msee wa Kaloleni

Shikamooni wazee. Huku Nairobi tulikuwa na twist bwana. Mzee wangu alikuwa akienda Kaloleni Social Hall na viatu vimechongoka mpaka vinaingia mlangoni kabla yake. Lakini kwetu hawa hawakuwa watoto wa kukopi tu, kina Daudi Kabaka na Fadhili William walikuwa wanarekodi kwa kampuni ya Equator na santuri zinauzwa. Na nyinyi mnaongea kukopi Waingereza, basi jueni Waingereza nao walikopi sisi: Helule Helule ya Kabaka iliimbwa na The Tremeloes mwaka 1968 ikaingia kwenye chati zao huko Uingereza. Sijui walielewa nini hapo kwenye helule.

#13 Mwana Katanga

Bonjour ba wazee. Miye niko Lubumbashi. Kwetu ba yaya walikuwa naita ile muziki yéyé, juu ya ba Johnny Hallyday. Kinshasa, ba vijana ba masomo walitosha ba trompette, wakabakiza magitaa na batteri, na njo vile Zaïko Langa Langa ilizaliwa tarehe 24 desemba 1969. Ile kelele ya vijana haikufa kwetu, iligeuka. Ninyi kwenu ilienda wapi?

#14 Jino la Pembe

Swali zuri la Mwana Katanga na jibu lake ni kwamba ilikwenda inapostahili. Samahani Babu, nakuheshimu, lakini tusipambe. Wakati nyinyi mnatazama vidole vya Hank Marvin, Mbaraka Mwinshehe alikuwa Morogoro anapiga solo ambayo mpaka leo hakuna wa kuigusa. Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA, Atomic kule Tanga, hao ndio waliojenga. Bendi za kukopi zilikuwa kasumba tu, mtoto wa mjini anataka kuwa Mzungu Jumapili mchana.

#15 Babu wa Gerezani

Jino la Pembe, sikatai. Nikiwa na miaka 18 nilisimama dirishani nje ya ukumbi wa Arnautoglo nikamsikiliza Ahmed Kipande na Kilwa Jazz, mpaka nikasahau kwamba sina nauli ya kurudi. Siwezi kuwalinganisha na sanduku langu la chai.

Lakini hilo neno kasumba tulitumie kwa usawa. Rumba yenyewe ilitufikia kwa santuri za Kuba, zile zenye alama ya GV, na Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba bila kuona haya. Walikopi kwanza, wakakopi miaka mingi, halafu siku moja ikawa yao. Sisi tulipewa miaka mitatu. Isitoshe bendi za jazi zilikuwa za watu wazima. Unalipa kiingilio cha usiku, kuna pombe, kuna wake za watu. Mtoto wa miaka 16 anaingia wapi? Bugi, dansi la vijana, lilikuwa letu kwa sababu ya saa yake tu: linaanza saa nane mchana, linaisha jua likizama, soda na biskuti, na wasichana wanaweza kumwambia mama wanakwenda kwaya.

Na ilikwenda wapi, swali la Mwana Katanga. Baada ya Shadows ikaja soul, muziki wa Wamarekani weusi. Kufikia 1967, 1968, hakuna aliyetaka tena magitaa ya kulia peke yake, watu wanataka James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett, jasho na kupiga magoti. Hapo bendi za vijana zikawa nyingi kweli, na hapo hapo wakubwa wakaanza kuzitazama.

#16 Upande wa Pili

Nimesoma uzi huu siku mbili nikijizuia kuandika. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Oktoba 1968 ilitangazwa Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, vyote marufuku. Nilikuwa na miaka 20 na niliamini kabisa. Azimio la Arusha lilikuwa halijafikisha hata miaka miwili, wenzetu Msumbiji wanapigana, sisi tunaona mtu anatembea mjini na suruali kama soksi. Kundi letu lilikuwa linapita kwenye mabugi na chupa tupu ya soda. Ukifika mlangoni tunaidondosha chupa ndani ya suruali kiunoni. Ikitokea chini, pita. Ikikwama pajani, rudi nyumbani.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kuna ukumbi mmoja tulikaa mlangoni saa nzima, na ndani bendi inapiga. Chupa ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa ninagonga nayo ukutani kufuata ngoma. Mwenzangu akanitazama. Nikaacha.

Novemba 1969 muziki wa soul wenyewe ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hapo chupa haikuhitajika tena.

#17 Jino la Pembe

Mzee Upande wa Pili, asante kwa ukweli. Nimerudi kusoma nilichoandika. Sifuti, lakini neno kasumba ningelitafutia jingine.

#18 Mtoto wa Elfu Mbili

Jamani chupa ya soda! Skini jinzi zetu si zingepasua chupa.

#19 Babu wa Gerezani

Upande wa Pili, ndugu yangu, miaka imepita. Mimi chupa ilipita siku zote kwa sababu suruali zangu zilikuwa za marehemu babu, kaptula ya mkoloni iliyorefushwa. Henki yake ilikwama. Alirudi nyumbani, akavaa ya kaka yake, akaja, akaingia. Labda ni wewe uliyemrudisha, labda siye, mlikuwa wengi na sisi tulikuwa wengi.

Baada ya marufuku bendi nyingine zilikufa, nyingine zilibadili nguo. Mwaka 1970 Patrick Balisidya akaanza Afro 70, na mwenye masikio alisikia kwamba yale magitaa hayakuwa yamefundishwa na Kuba peke yake. Jina lenyewe lingewezaje kutokea bila nywele zile za afro? Safari Trippers, waliokuwa na Marijani Rajabu, nao jina lao ni la zama za bugi. Baadaye Sunburst, hao waligusa roki waziwazi na kuichanganya na ya kwetu, na albamu yao ilirekodiwa Zambia, 1976. Kwa hiyo haikufa yote, ilivaa kitenge ikaingia kwa mlango wa mbele.

Yetu sisi ilikufa kabla ya yote hayo, na si kwa siasa. Iliuawa na valvu.

Ilikuwa bugi la mwisho wa muhula, ukumbi wa shule, kiingilio shilingi moja, na ilikuwa moja ya shilingi mpya zilizotoka 1966, zinang'aa. Tulikusanya bakuli zima. Tukapiga saa tatu bila kuzima redio, na siku zote tulikuwa tunaipumzisha. Saa kumi na moja na nusu, katikati ya wimbo wetu wenyewe, gitaa likaanza kufifia kama mtu anayeondoka huku anaongea. Halafu harufu. Nyuma ya redio kulikuwa na wekundu ambao si wa kawaida, kisha hakuna wekundu. Watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo mwisho.

Mwimbaji aliifunga khanga yake, ikiwa ya moto bado, akapanda baiskeli. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja. Ya tatu alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni mwa gereji, akasema baba amesema shule kwanza. Hakueleza zaidi na sisi hatukuuliza. Henki baadaye akaenda JKT, nasikia huko alipewa gitaa la kweli. Mwimbaji nilimpoteza nilipohamishiwa Tabora kikazi, nikapata habari za msiba wake miaka mitano iliyopita kutoka kwa mtu wa tatu.

Wimbo wenyewe ni huu, niliobaki nao:

*Redio ya mama yangu
leo yaimba ya kwangu*

la la la, la la la. Aliutunga yeye. Kila mara akifika hapo anaimba la la la, nikadhani amesahau maneno au hayakuwahi kuwepo.

#20 Dada wa Mlangoni

Shikamoo kaka.

Mtoto wangu ndiye ameniletea uzi huu, akasema, "Mama, hii si redio ya kwa babu?" Nimesoma mpaka kwenye khanga nikajua. Khanga ilikuwa ya manjano yenye mikorosho. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya shilingi mlangoni siku ile, na bakuli lilikuwa la mama.

Kaka yangu alifika nyumbani saa mbili kasoro dakika chache. Akaiweka redio mahali pake, akaifunika kitambaa chake cha kufuma, akaenda kuoga. Baba akaja na kahawa yake, akakaa, akawasha. Kimya. Akageuza kinobu. Kimya. Hakunyanyuka, hakuita mtu. Alikaa mbele ya redio ile mpaka saa mbili na robo, muda wote wa taarifa ya habari, amekunja mikono, na sisi tumejibanza ukumbini. Kisha akasema, "Leo dunia haina habari." Akaenda kulala.

Kumbe alikuwa anajua siku nyingi. Fundi alipoifungua alikuta vipande vya plasta ndani. Baba akalipia valvu mpya, na hakumpiga. Alimwambia maneno hayo ya shule tu. Kaka alisema afadhali angempiga.

Sasa la wimbo. Kaka, samahani, hakuutunga yeye. Niliutunga mimi, nikiwa darasa la saba, kwa ajili ya kumtania. Na maneno hayakukosekana. Mistari ni minne:

*Redio ya mama yangu
leo yaimba ya kwangu,
habari za ulimwengu
zitasubiri, wenzangu.*

Alikuwa anaona aibu kuiimba hiyo miwili ya mwisho mbele za watu. Aliogopa maneno yamfikie baba, maana kwa baba taarifa ya habari ilikuwa kama sala. Ndiyo maana ya la la la. Alinilipa peremende mbili nisimwambie mtu kwamba ni wangu, na mpaka leo sikusema.

#21 Mbeba Boksi

Niko kwenye foleni ya magari naogopa kuendelea kusoma.

#22 Babu wa Gerezani

Marahaba dada. Marahaba sana. Nimekaa na simu mkononi tangu alasiri.

Kwa hiyo nina deni la peremende.

Nimechukua gitaa la mjukuu nikaujaribu wimbo na mistari yote minne. Mke wangu ametoka jikoni kuuliza nimepatwa na nini. Na nimegundua jambo. Siku zote Henki alikuwa anagombana na mimi kwamba baada ya mstari wa pili ninabadili kodi mapema (kodi za gitaa, si za nyumba), na mimi nikishikilia kwamba yeye ndiye anayechelewa. Sasa ukiweka "habari za ulimwengu" mahali pake, kodi inabadilika kwenye "mwe". Nilikuwa nawahi. Henki alikuwa sahihi, na besi ilikuwa ya kamba moja.

Dada, ile picha nitaiskani kesho mchana kukiwa na mwanga, nikutumie faraghani. Kwenye kona ya kushoto kuna mkono wa mtu ameshika bakuli, uso umekatwa. Miaka yote nilikuwa najiuliza ni wa nani.